Safari za ndege Afrika Mashariki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nauli, mizigo na ucheleweshaji

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo ndugu, majirani na abiria wenzetu huyarudia kila wanapokaribia kusafiri au, mara nyingi zaidi, wakiwa wameshakwama uwanjani. Majibu yanamlenga msafiri anayeanzia Tanzania au Kenya, na yamepewa namba ili jibu moja liweze kumpeleka msomaji kwenye lingine.

## Nauli, kodi na ada

1. Tangazo lilitaja nauli ndogo. Kwa nini mwishoni nimelipa karibu mara mbili?

Kwa sababu fedha unazolipia tiketi hugawanywa kwa wengi, na shirika la ndege ni mmoja wao tu. Ipo nauli yenyewe, kisha ipo ada ya huduma ya abiria, ambayo nchini Tanzania ni dola 40 za Marekani kwa safari ya nje na shilingi 10,000 kwa safari ya ndani, na nchini Kenya ni dola 50 kwa safari ya nje na shilingi 600 za Kenya kwa safari ya ndani. Safari za ndani za Tanzania hutozwa pia kodi ya ongezeko la thamani. Kwa kuwa ada ya abiria ni ya kiwango kimoja kwa wote, humuumiza zaidi aliyenunua tiketi ya bei nafuu. Fastjet ilipoanza kuruka nchini Tanzania mnamo Novemba 2012, iliuza viti vyake vya kwanza kwa shilingi 32,000 kabla ya kodi na ada. Kwa nauli ya namna hiyo, ada ya shilingi 10,000 peke yake inakaribia theluthi ya bei.

Katika mchanganuo wa tiketi ya kimataifa utaona pia herufi YQ au YR. Wengi hudhani hiyo ni kodi ya serikali, kumbe ni tozo ambayo shirika hujipangia na kuichukua lenyewe. Ilizoeleka kama nyongeza ya mafuta wakati bei ya mafuta ilipopanda, na bei iliposhuka haikuondoka. Kwa maoni yangu hiyo ni nauli iliyovalishwa kanzu ya kodi, na jambo hilo lina uzito utakapodai kurudishiwa fedha (tazama swali la 4).

Mgeni kutoka nje ya nchi anayekwenda Zanzibar akumbuke kuongeza bima ya lazima ya dola 44, iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024. Bima hiyo haimo ndani ya tiketi.

2. Dar es Salaam na Nairobi zimekaribiana. Mbona nauli yake haifanani na umbali?

Umbali wa anga kati ya miji hiyo haufiki kilomita 700, lakini umbali ni sehemu ndogo ya gharama. Mafuta ya ndege huagizwa kutoka nje na kuuzwa kwa dola, ndege nyingi hukodiwa kwa dola, vipuri hununuliwa kwa dola, ilhali abiria wengi wana mapato ya shilingi. Ndege fupi nayo hulipa ada ya kutua, huduma ya ardhini na mafuta mengi ya kupaa, karibu sawa na inayokwenda mbali zaidi, na gharama hizo hugawanywa kwa saa moja na dakika chache tu za safari.

Sababu ya pili ni ya kisiasa. Ndege hairuki kutoka nchi moja hadi nyingine kwa hiari ya mwenye ndege. Nchi mbili huandikiana mkataba unaotaja mashirika yanayoruhusiwa na idadi ya safari. Mawaziri wa Afrika walikubaliana mjini Yamoussoukro mwaka 1999 kuifungua anga ya bara, na mnamo Januari 2018 Umoja wa Afrika ukazindua Soko Moja la Usafiri wa Anga, lakini utekelezaji umekuwa wa kusuasua. Januari 2024 abiria walishuhudia jinsi mkataba wa anga unavyoweza kugeuka fimbo: Tanzania ilitangaza kuzisimamisha safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam kuanzia tarehe 22 ya mwezi huo, ikidai kuwa Kenya ilikuwa imeinyima Air Tanzania kibali cha ndege ya mizigo. Nchi hizo zilielewana kabla ya tarehe hiyo kufika, ila waliokuwa na tiketi mkononi walipitisha siku mbili za roho juu. Wazee wetu, ambao walipanda ndege za East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Tanzania na Uganda, kabla halijavunjika mwaka 1977, huyasikiliza haya kwa mshangao.

3. Jana bei ilikuwa chini, leo imepanda. Je, tovuti imenitambua na kunipandishia?

Maelezo yaliyo rahisi zaidi ni kwamba viti vya bei ya chini vimekwisha. Katika ndege moja, daraja la kawaida hugawanywa katika ngazi nyingi za nauli zinazotambulishwa kwa herufi, kila ngazi ikiwa na viti vichache na masharti yake. Anayekaa kiti cha 14A na jirani yake wa 14B wanaweza kuwa wamelipa bei zinazotofautiana sana. Mwezi Desemba, msimu wa watalii wa Julai na Agosti, na siku zinazozunguka Idi, ngazi za chini hufungwa mapema mno, kwa hiyo anayengoja bei ishuke katika majira hayo kwa kawaida hungojea kupanda kwake.

4. Tiketi yangu haina marejesho. Je, nimepoteza kila kitu nikiahirisha safari?

Pengine si kila kitu. Ada ya huduma ya abiria hutozwa kwa abiria anayesafiri, na usiposafiri huduma hiyo hukuitumia. Mashirika mengi huirudisha hata pale nauli isiporudishwa, mradi uombe mwenyewe. Baadhi hukata gharama ya kushughulikia ombi, ambayo katika safari za ndani inaweza kumeza marejesho yote. Tozo ya YQ kwa kawaida hufuata masharti ya nauli, maana yake haitarudi.

Shirika lenyewe likifuta safari, hali inageuka: neno “haina marejesho” linamhusu abiria anayebadili nia, si shirika linaloshindwa kumsafirisha. Usikubali vocha kwa haraka kama unachotaka ni fedha.

5. Nimekosa ndege ya kwenda. Naweza kutumia ile ya kurudi?

Kwa masharti ya mashirika mengi, hapana. Tiketi ya kwenda na kurudi hutumiwa kwa mfuatano, na kipande cha kwanza kisipotumika vilivyobaki hufutwa na mfumo bila kukuuliza. Mtu aliyepanda basi kutoka Arusha hadi Dar es Salaam kwa sababu alichelewa ndege, akitarajia kurudi na ndege Jumapili, atakuta jina lake halimo. Ukijua kwamba hutawahi, piga simu kabla ya ndege kuondoka na uombe kipande cha kurudi kihifadhiwe. Baada ya mlango kufungwa maombi hayo huwa magumu.

6. Ninunue kwa wakala au kwa shirika lenyewe?

Kwa safari ya moja kwa moja nunua kwa shirika, kwa sababu safari ikibadilika utakuwa na mtu mmoja wa kuzungumza naye. Wakala mzuri ana thamani kwenye safari ya vipande vingi, hasa ile ambayo vipande vyake vyote lazima viwe katika tiketi moja (tazama swali la 15).

## Majina na hati

7. Pasipoti ina majina matatu na tiketi ina mawili. Nitazuiwa?

Kwa kawaida kinachotakiwa ni jina la kwanza na la ukoo yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti. Kukosekana kwa jina la kati mara nyingi hakuzuii safari. Kinachozuia ni mpangilio na tahajia. Kwetu jina la tatu huenda ni la babu, na mtu hujulikana mtaani kwa la pili. Akimtajia wakala jina analojulikana nalo, tiketi hutoka na ukoo ambao pasipoti haiujui. Fungua ukurasa wenye picha na unakili kutoka mistari miwili ya chini yenye alama za mishale, kwa sababu hiyo ndiyo inayosomwa na mashine. Kosa la herufi moja au mbili likigunduliwa mapema husahihishwa kwa gharama ndogo au bila gharama. Likigunduliwa kaunta, saa moja kabla ya safari, unaweza kulazimika kununua tiketi mpya.

8. Ninapita tu Ulaya kubadilisha ndege. Nahitaji viza?

Inategemea uraia wako. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anayebaki ndani ya eneo la kimataifa la uwanja wa nchi ya Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja) hayumo kwenye orodha ya pamoja ya wanaotakiwa kuwa na viza ya kupita uwanjani, ingawa nchi mojamoja huweza kujiongezea masharti. Mwenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo au ya Somalia yumo kwenye orodha hiyo, na atazuiwa kabla hajaondoka Nairobi au Kinshasa. Jambo hili huwasumbua Wakongomani wengi wanaodhani kwamba kutotoka nje ya uwanja kunatosha.

Usiisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo hudaiwa kwa anayetoka, au aliyekaa muda mrefu akiunganisha safari, katika nchi yenye ugonjwa huo.

## Mizigo

9. Kwa nini shirika moja linapima kilo na jingine linahesabu mabegi?

Ni mifumo miwili tofauti. Katika mfumo wa uzito unapewa jumla, tuseme kilo 30, na unazigawa upendavyo. Katika mfumo wa vipande, unaotumika sana kuelekea Marekani na Kanada, unapewa begi moja au mawili, kila moja lisizidi kilo 23. Hapo ukiwa na begi la kilo 28 na jingine la kilo 15 utatozwa, ingawa jumla haizidi 46. Niliwahi kupiga magoti kando ya mizani nikihamisha mchele na vitenge kutoka begi moja hadi jingine mbele ya foleni nzima, na tangu siku hiyo mizani ndogo ya kuning’iniza haikosekani nyumbani.

Anayerudi kutoka Dubai au Muscat na maboksi alinganishe bei ya kilo za ziada na ile ya kutuma kama kago. Kilo za ziada zikilipiwa mapema mtandaoni huwa nafuu kuliko zikilipiwa kaunta. Kago nayo ina forodha na gharama za ghala, kwa hiyo kwa kilo chache haileti unafuu.

10. Nini hasa kinazuiwa kwenye begi la mkononi?

Vimiminika vilivyo katika chombo kinachozidi mililita 100 bado huzuiwa katika viwanja vingi, kwa utaratibu ulioanza mwaka 2006 baada ya polisi wa Uingereza kuvunja njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji. Asali, samli, mafuta ya nazi na achari vyote huhesabiwa kuwa vimiminika, na hapo ndipo mama zetu hunyang’anywa vitu.

Pawabanki ni kinyume: hiyo lazima iwe mkononi, kamwe isiwe kwenye begi linalokwenda chini, kwa sababu betri ya lithiamu ikiwaka moto kwenye tumbo la ndege hakuna wa kuuzima kwa haraka. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100, na kati ya hapo na 160 unahitaji idhini ya shirika. Ili kujua yako, zidisha mAh (kipimo cha ujazo wa betri kilichoandikwa juu yake) kwa volti kisha ugawe kwa 1,000: pawabanki ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ina wati-saa 74, hivyo inaruhusiwa.

Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019. Ule wa dukani kwenye uwanja wa nje unaweza kuachishwa unapoingia, lakini kifuko cha kuweka vimiminika vya safari hakina tatizo.

11. Naweza kubeba dagaa na nyama ya kukausha kwenda Ulaya?

Nyama na maziwa, pamoja na vitokanavyo navyo, haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya katika mizigo ya abiria kutoka kwetu, hata vikiwa kidogo. Samaki wana kanuni yao: mtu anaweza kubeba hadi kilo 20 kwa matumizi yake, wakiwemo waliokaushwa au kufukizwa moshi. Kwa hiyo dagaa wa Mwanza wanapita, wakati jibini ya nyumbani haipiti. Wafunge mara tatu. Harufu si kosa la kisheria, lakini ina uwezo mkubwa wa kulifanya begi lifunguliwe.

12. Begi langu halikufika. Nianzie wapi?

Usitoke ukumbi wa mizigo. Nenda kaunta ya mizigo iliyopotea ukiwa na kile kikaratasi cha namba walichobandika kwenye pasi yako ya kupandia, andikisha taarifa, na usiondoke bila nakala yenye namba ya rejea. Ukishavuka mlango wa nje, kuthibitisha kwamba begi halikufika kunakuwa kazi ya kubishana.

Kwa safari za kimataifa kati ya nchi wanachama, Tanzania na Kenya zikiwemo, msingi wa madai ni Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Begi lililoharibika lidaiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Lililochelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Lisilofika kwa siku 21 huweza kuhesabiwa kuwa limepotea. Na kesi mahakamani ifunguliwe ndani ya miaka 2. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo cha fidia ya mizigo ni SDR 1,519 kwa abiria. SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kiasi hicho ni takriban dola 2,000.

Hicho ni kikomo, si malipo ya moja kwa moja. Utalipwa kwa hasara unayoweza kuionyesha, na hapa ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa hakuna anayetunza risiti ya suti ya miaka mitatu. Piga picha ya begi likiwa wazi kabla ya kulifunga. Begi likichelewa ukiwa ugenini, nunua vitu vya lazima kwa kiasi, na tunza risiti zake zote, hata ya mswaki.

## Kuchelewa na kufutwa

13. Anga ni jeupe kabisa. Kwa nini ndege ya jioni imechelewa saa nne?

Kwa sababu ndege yako imeanza kazi alfajiri mahali pengine. Shirika lenye ndege chache hupangia ndege moja safari nyingi kwa siku, na ucheleweshaji wa asubuhi huko Mwanza au Kisumu hupitishwa kutoka safari hadi safari mpaka ukufikie wewe. Marubani na wahudumu nao wana kikomo cha saa za kazi; kikifika, lazima watafutwe wengine. Kama unakwenda kiwanja kisicho na taa za njia ya kurukia, ucheleweshaji wa alasiri hugeuka kufutwa, kwa kuwa jua likizama hakuna kutua.

Wakati mwingine chanzo kiko mbali zaidi. Air Tanzania ililazimika kuegesha baadhi ya ndege zake za Airbus A220 kwa sababu ya matatizo ya injini za Pratt & Whitney, matatizo yaliyoyakumba mashirika ya nchi nyingi, na ratiba iliyopangwa kwa ndege nzima ikabaki kutekelezwa kwa zilizosalia. Anayetaka kupunguza hatari achague ndege ya kwanza ya asubuhi.

14. Ndege ikichelewa au kufutwa, nalipwa fidia?

Inategemea umetoka wapi na shirika ni la nani. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 ndiyo inayotajwa sana, na abiria wengi wa kwetu hawajui kwamba inaweza kuwagusa. Inahusu ndege zote zinazoondoka katika nchi za Umoja huo, pamoja na ndege za mashirika ya Ulaya zinazoelekea huko. Kwa hiyo ukitoka Nairobi kwenda Amsterdam kwa shirika la Uholanzi unalindwa. Ukienda kwa shirika la Ghuba hulindwi. Ukirudi kutoka Amsterdam unalindwa kwa shirika lolote. Kwa safari inayozidi kilomita 3,500 iliyofika kwa kuchelewa saa 3 au zaidi, fidia ni euro 600, ambayo inaweza kupunguzwa nusu ikiwa ucheleweshaji haukufika saa 4. Uingereza ina kanuni kama hiyo yenye kiwango cha pauni 520.

Shirika husamehewa fidia likithibitisha sababu ya dharura isiyoepukika, kama vile mafuriko ya Dubai ya tarehe 16 Aprili 2024, au mgomo wa wafanyakazi wa uwanja kama ule wa Nairobi wa tarehe 11 Septemba 2024. Mgomo wa wafanyakazi wa shirika lenyewe, kwa mujibu wa mahakama ya Ulaya, kwa kawaida hausamehewi. Tena hata fidia ikisamehewa, chakula na malazi havisamehewi.

Nje ya kanuni hizo hakuna kiwango kilichopangwa, bali Mkataba wa Montreal humruhusu abiria kudai hasara halisi iliyotokana na kuchelewa, hadi SDR 6,303. Uulize sababu ya ucheleweshaji ukiwa uwanjani na uiandike pamoja na saa na jina la ndege, kwa sababu sababu zina tabia ya kubadilika wiki mbili baadaye.

15. Nilinunua tiketi mbili tofauti ili kubana matumizi. Ya kwanza ikichelewa, ya pili itanisubiri?

Haitakusubiri, wala hakuna atakayewajibika. Tiketi moja yenye vipande viwili hulibana shirika likufikishe mwisho wa safari. Tiketi mbili ni mikataba miwili isiyojuana. Begi nalo utalichukua na kulikabidhi upya, jambo linaloweza kudai viza ya nchi unayopita (swali la 8). Ukiamua kufanya hivyo, acha nafasi ya usiku mzima katikati.

16. Nina tiketi halali lakini nimeambiwa ndege imejaa. Inawezekanaje?

Mashirika huuza viti kupita idadi iliyopo yakitarajia kwamba baadhi ya abiria hawatatokea. Wote wakitokea, wanaochelewa kaunta ndio huachwa. Jiandikishe mtandaoni mara dirisha linapofunguliwa. Ukiachwa bila ridhaa yako, dai safari mbadala na huduma, na kwa safari zilizotajwa kwenye swali la 14 fidia yake ni ileile.

17. Nilalamike wapi?

Anza na shirika, kwa maandishi, ukitaja namba ya tiketi na kiasi unachodai. Lisipojibu, Tanzania ina Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga yenyewe. Kenya ina mamlaka yake ya usafiri wa anga. Malalamiko ya “huduma mbovu sana” hayafiki mbali. Yanayofika ni yale yenye tarehe, saa, risiti na kiasi.

## Hali zisizo za kawaida

18. Shirika likiacha kuruka kabla ya safari yangu, fedha zangu ziko wapi?

Fastjet iliacha kuruka nchini Tanzania mwishoni mwa mwaka 2018, na waliokwishalipia wakaingia kwenye foleni ya kudai. Aliyelipa kwa kadi anaweza kuiomba benki yake iyarudishe malipo kwa huduma isiyotolewa. Aliyelipa kwa simu au taslimu hana njia nyepesi kama hiyo. Shirika likianza kufuta safari mfululizo, usilinunulie tiketi ya miezi sita ijayo.

19. Tunahitaji kusafirisha maiti kwa ndege. Tufanyeje?

Maiti husafirishwa kama mzigo, na malipo hukadiriwa kwa uzito pamoja na jeneza. Zitahitajika hati ya kifo, cheti cha kuhifadhi maiti, kibali cha kusafirisha na, kwa safari ya nje, hati kutoka ubalozi au mamlaka za nchi inayopokea. Msikate tiketi za wafiwa kabla kago haijathibitishwa, kwa sababu ndege ndogo nyingi hazina mlango unaopitisha jeneza, na familia inaweza kufika siku moja kabla ya marehemu wao.

Wanaokwenda kupokea wasisubiri kwenye mlango wa abiria. Jeneza hutolewa kwenye ghala la mizigo, ambalo mara nyingi lina geti lake na utaratibu wake wa karatasi, na gari litakalolibeba lielekezwe huko tangu mwanzo.